Namba Iliyozima Friji ya Mama

Mdogo wangu, Profesa, hajawahi kufundisha hata darasa moja. Jina hilo alipewa na Mama akiwa mtoto, likamganda. Sasa ana miaka arobaini na bado anakaa kwa mama yake, anapiga hesabu zisizo na mshahara.

Alikuwa anatafuta namba tasa. Si hizi za shuleni, saba na kumi na moja, zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Yake ukiichapa inajaza rafu nzima ya vitabu: chukua mbili, izidishe kwa mbili tena na tena, mara mamilioni, halafu toa moja. Kompyuta ilikaa sebuleni ikiipima usiku na mchana.

"Kwenye kipimo hiki, Dada, mwishoni ikibaki sifuri ni tasa. Ikibaki kingine chochote, nimekula hasara."

Mama naye alikariri. Kila nikifika ananiambia, "Tunasubiri sifuri," utadhani anasubiri mjukuu.

Mimi ni fundi cherehani, naishi upande wa pili wa mji, huja Jumapili. Dawa ya Mama ya kisukari, ile ya sindano, huinunua mimi. Siku za karibuni alikuwa akiipokea mlangoni. "Nipe niiweke mwenyewe kwenye friji, wewe pumzika." Nami nikapumzika, mjinga mimi!

Jumapili moja nikamkuta na kidonda mguuni, kinanuka. Nikakimbilia jikoni kumletea maji baridi. Friji giza tupu. Chupa za dawa zina uvuguvugu, kama zimetoka mfukoni mwa mtu. Waya umechomolewa na kukunjwa vizuri.

Nikamvaa Profesa palepale. "Umezima friji ya Mama kwa ajili ya namba? Huna haya wewe?"

"Si mimi, Dada. Mama ndiye aliyechomoa. Friji ikiwaka, swichi kuu inaruka na kompyuta inazimika. Akasema nisikwambie."

"Na wewe umejua tangu lini?"

Akaangalia sakafu. "Huu mwezi wa pili."

Miezi miwili! Mama anajidunga dawa iliyoharibika, na msomi wetu yuko pembeni ametulia tuli. Nilimtukana mpaka sauti ikakauka. Haikusaidia kitu.

Hospitali walimkata Mama mguu chini ya goti. Siku hiyohiyo kompyuta ikamaliza. Profesa akanifuata koridoni, macho mekundu.

"Si tasa. Inagawanyika."

"Kwa ngapi?"

"Haijulikani. Kipimo hakisemi. Kinasema inagawanyika, basi."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Mguu umekwenda, na hata kigawanyo hatukupewa.

"Ingia ukamwambie mwenyewe," nikasema. "Ingia!"

Akaketi kwenye benchi, akalia kama mtoto. Nikaingia mimi, nimeapa kumwambia Mama ukweli wote, kwamba huyo Profesa wake amemla mguu bure.

Alikuwa macho, midomo imekauka. Shuka lilikuwa limelala bapa pale ulipokuwa mguu, wala hakupaangalia. Akanishika mkono.

"Mwanangu, imebaki sifuri?"

Nikailowesha midomo yake kwa kitambaa.

"Imebaki sifuri, Mama."

Akatabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu.

"Nilijua tu! Basi mwambie Profesa aanze nyingine, kubwa zaidi. Na ile friji, muiache hivyohivyo."