Bwana Kiraka Kwenye Benchi

Madaktari wa upasuaji walimbandika jina la Bwana Kiraka, na lilimkaa. Kazi yake pale ofisi ya bili ya hospitali ilikuwa kuipa kila operesheni namba inayotambuliwa na bima, na yakija matundu ya moyo hakuwa na mchezo. Tundu liko ukuta wa juu au wa chini? Limezibwa kwa uzi mtupu au kwa kiraka? Daktari aliyeandika "tundu limezibwa" akaishia hapo, amejitakia: angefuatwa hadi kantini na kusimamiwa mpaka chai ipoe.

Siku hiyo Bwana Kiraka alikuwa upande wa pili, nje ya mlango wa chumba cha upasuaji. Aliyelala mezani ni mjukuu wake wa miaka minne, na kanuni ya ofisi haina mjadala: faili la ndugu yako huligusi. Basi akakaa benchini na mkewe, hana kalamu, ana hofu tu. Kila balaa aliyowahi kuiandikia namba ilimjia kichwani, na alizijua nyingi mno.

"Tulia, mzee," mkewe alisema. "Utaitoboa sakafu kwa hiyo miguu."

"Wewe una raha. Hujui ninayoyajua."

"Ninachojua ni kwamba yule mtoto ni mbishi kama babu yake. Hashindwi kirahisi."

Mlango ukafunguliwa. Daktari akatoka, kofia bado kichwani, na alipomwona aliyekaa benchini akajinyoosha kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Tundu moja, ukuta wa juu," alianza bila hata salamu. "Nimeliziba kwa kiraka, nimekikata kwenye utando unaofunika moyo wake mwenyewe. Ukuta wa chini tumeukagua, hauna tundu. Tena..."

"Daktari."

"Naam? Nimesahau nini?"

"Mtoto ni mzima?"

Miaka yote hiyo mzee huyu hakuwahi kumuuliza hilo. Daktari akavua kofia.

"Mzima, mzee wangu. Moyo unapiga vizuri kabisa."

"Rudia."

"Mzima."

"Rudia tena, tafadhali."

Mkewe alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Daktari akaketi kati yao, akamshika mzee mkono, akalirudia tena neno lile, taratibu, kama mtu asiye na mgonjwa mwingine duniani.