Kola Si Yangu

Wanafunzi walimwita Fumua, kwa sababu mshono ukienda kombo hata kidogo, mwalimu huyo wa ushonaji hakuwa na neno jingine. Jina lilimkaa, hata mkewe akalishika.

Kiwanda cha mashati kilipoungana na shule, darasa lake lilijaa cherehani za umeme, na ukutani pakabandikwa maandishi makubwa: UJUZI WA KESHO. Makubaliano yalikuwa mepesi. Kila mwanafunzi ashike kipande kimoja cha shati mpaka akishone kwa kasi ya kiwandani, na akimaliza masomo kiti chake kinamngoja. Fumua hakupinga. Binti yake mkubwa alikuwa humo darasani, na kazi siku hizi haziokotwi njiani. Binti alipewa mikono ya shati. Muhula haukwisha kabla hajaanza kuitiririsha kama maji, na afisa wa kiwanda akawa anamtolea mfano.

Jioni moja mama yake alimtania kwamba nyumba ina fundi wa kiwanda, huku mdogo wake anakwenda shule na shati lililoachama shingoni. Binti akacheka, akaketi kwenye cherehani ya zamani ya kukanyaga. Akalipindua shati, akaligeuza tena, akaliweka chini.

"Baba, kola si yangu," alisema. "Kola ni ya yule anayekaa mbele yangu."

Wala hakuona aibu. Alisema kama anayemwelekeza mgeni nyumba ya jirani. Hilo ndilo lililomkata Fumua maini.

Kesho yake aliwahamisha wote viti: wa mikono kwenye kola, wa kola kwenye mifuko, na wiki iliyofuata wakahama tena. Kasi ikaanguka. Afisa alikuja, akatazama rundo la mashati yaliyopinda, akasema kwa upole kuwa kiwanda hakina haja na mtu wa kushona shati zima. Mwalimu mkuu alimsihi Fumua arudishe viti vilivyokuwa. Fumua akamuuliza, kiwanda kikifungwa, mtu wa mikono mitupu atakwenda kumshonea nani? Akakataa.

Cherehani za kiwanda zilibebwa siku ya mvua, zimefunikwa maturubai. Nafasi za kazi zikaondoka nazo, ya binti yake ikiwemo.

"Umenikatia riziki, Baba. Kwa ajili ya kola."

Baada ya hapo akamnunia. Alimwekea chakula mezani na kuondoka. Fumua hakujitetea. Hakuwa na hakika kwamba alifanya sawa. Alijua tu kuwa asingeweza kufundisha vile tena.

Siku nyingi zilipita. Mchana mmoja alirudi nyumbani akasikia cherehani ya zamani inagonga. Binti yake alikuwa ameliinamia shati la mdogo wake. Kola ilikuwa imekaa upande, kama ya mtu aliyelalia shingo vibaya. Hakuinua uso.

"Nifumue?"

Lilikuwa neno lile lile lililompa baba yake jina, safari hii limetoka kinywani mwake. Fumua akavuta kigoda, akaketi karibu naye, akamsogezea mkasi mdogo.