Mama Mkwe Asiguswe

Ezron hakuwa mtu wa kuteremka garini kupima mteremko. Kipimo chake, alivyopenda kujigamba, kilikuwa makalio: yakianza kuhama kwenye kiti, ujue gari linataka kulala. Mkewe Judith alimsihi mpaka akachoka, maana Fuso lile ndilo lililowalisha, na mwaka jana lilishalala ubavu na shehena nzima ya mahindi. Ezron alisema uliolilaza ni upepo.

Safari hii alitoka Ibaba na magunia ya maharage kwenda Tunduma, na ndani alimpakia mama mkwe wake, Bibi Tabita, aliyekuwa akienda kwenye ubatizo wa mjukuu. Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Katika ukoo wao mkwe na mama mkwe hawagusani, hawatazamani usoni wala hawasemezani moja kwa moja. Wakigusana, hata kwa bahati mbaya, ni aibu ya kusimuliwa mpaka wajukuu waoe. Kwa hiyo katikati yao aliketishwa Boazi, kaka yake Judith, awe ukuta. Bibi Tabita alikaa kushoto, dirishani, amempakata kuku wa kitoweo cha ubatizo.

Mbele wakakuta barabara imezibwa na lori lililozama kwenye tope. Njia iliyobaki ilikuwa kukata malisho ubavuni mwa kilima, bonde likiwa kulia, upande wa dereva. Boazi akautazama mteremko, akamtazama shemeji yake, akasema miguu imekufa ganzi na angependa kuinyoosha. Akashuka, akatangulia kwa miguu. Ukuta ukawa umeondoka.

Ezron akakanyaga mafuta. Gari likaingia kwenye majani, likaanza kuinama kulia. Makalio yake hayakusema kitu. Aliyesema ni Bibi Tabita, akimwinamia kuku.

"Kuku, mwambie mkwe wangu kwamba nakuja."

Ezron akatupa jicho pembeni. Kweli, pindo la gauni la mama mkwe lilishafika katikati ya kiti. Akapiga breki, akarudi nyuma taratibu, akajaribu kupita juu kidogo.

"Kuku, mwambie sasa linakuja goti."

Hapo Ezron aliogopa kuliko siku ile gari lilipolala kweli. Akarudisha tena mpaka pa usawa, akazima, akashuka. Kwa mara ya kwanza tangu ajue usukani, akautembea mteremko mwenyewe. Akaona shimo lililofukuliwa na maji ya mvua, ambamo tairi la kulia lingezama, na juu yake jiwe lililofichwa na majani, ambalo lingeinua la kushoto. Akageuka kuyatazama magunia yalivyorundikwa. Basi akaachana na habari ya kukata ubavu. Akalielekeza gari bondeni, pua mbele, gia ya kwanza, akashuka moja kwa moja hadi chini penye usawa, akaambaa huko mpaka alipolipita lile lori, kisha akapanda vilevile, pua juu, mpaka barabarani. Boazi akarudi kitini kwake. Kuku hakutumwa tena.

Tunduma, Judith, aliyekuwa ametangulia kuandaa ubatizo, alifungua mlango wa kushoto ili amteremshe mama yake, lakini mama hakuteremka. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni, ncha zake zimekazwa kwenye kishikio kilicho kando ya mlango, fundo juu ya fundo. Tangu Ibaba asingeweza kuteleza hata shibiri moja. Lililokuwa likisafiri kwenye kiti ni pindo tu la gauni, na aliyelisukuma ni yeye mwenyewe kwa mkono. Judith alilifungua fundo kwa meno, akicheka hadi machozi, na hakuonekana kushangaa hata kidogo. Ezron akaelewa kwamba mpango ule ulikuwa wa watu wawili.

Akageukia pembeni, kama desturi inavyotaka. Alikasirika, akaona haya, kisha kicheko kikamshinda. Boazi alipomchukua kuku kumpeleka jikoni, Ezron akamshika mkono.

"Huyo msimchinje," akasema. "Jumatatu tunarudi."