Kidole cha Mkono wa Kushoto

Miaka kumi na minne nasafisha picha za zamani zilizopigwa kwenye vioo kwenye chumba cha kumbukumbu, na sijawahi kumfokea mkuu wangu. Siku ile nilimfokea.

Bibi yangu alikuja kutazama picha ya maonyesho ya kesho yake: wachimba dhahabu wa mwanzo waliofika zaidi ya kilomita moja chini ya ardhi. Wanane, na nyundo na mishumaa, msimamizi katikati kavaa koti. Jina la mchimbaji hata moja halikuandikwa. Bibi akamgusa wa tatu.

"Huyu baba yangu. Kidole chake cha shahada kilikatwa na jiwe. Mkono wa kushoto."

Mkuu akainama. "Bibi, huyu hana cha kulia. Kidole hakihami mkono." Akacheka.

Macho ya bibi yakalengwa na machozi. Picha nyingine ya baba yake haipo duniani. Damu ikanichemka.

"Bibi yangu hajachanganyikiwa!" nikasema, tena kwa sauti.

Nikachukua lenzi, nikaichungulia picha hadi shingo ikauma. Ndipo nikaliona koti la msimamizi: upande wa kulia umelalia wa kushoto, kama la kike. Lo! Na masharubu yote yale, avae koti la mkewe?

"Mkuu, hebu tazama vifungo vyako."

Akatazama koti lake, akatazama picha, akarudia koti. Kicheko kikamkauka. Zamani hizo mtu alichapa picha huku kioo chenye picha kimegeuzwa, na kulia kukawa kushoto.

Nikakimbilia chumba cha giza, nikakigeuza kioo, nikachapa upya. Picha ilipoibuka kwenye dawa, kidole kilichokosekana kilikuwa cha kushoto. Nilipiga kigelegele humo humo gizani.

Mkuu ni muungwana, nakiri. Alimwomba bibi radhi, akaandika jina la baba yake, akafunika kalamu.

"Unafunika nini?" bibi akamkatiza. "Baba alinisimulia habari za wote. Huyu mrefu walimwita Ngazi. Huyu Chekacheka, alikuwa akiwachekesha huko chini wasiogope. Andika, mwanangu!" Akawataja wote wanane.

Kesho yake ukumbi ulifurika. Bibi alisimama kando ya picha akiwataja kwa sauti, mmoja mmoja. Alipofika kwa Chekacheka, mama mmoja nyuma kabisa akapiga ukelele: "Jamani, huyo ni babu yangu!"

Watu wakampisha. Bibi akamshika mkono, akamsogeza hadi mbele ya picha, wakasimama pale wanalia na kucheka pamoja.