Mkasi Niliompa Mama Vifungo

Nilipouweka mkasi wangu mbele ya Mama Vifungo, hakuugusa. Alisimamisha cherehani, akautazama, kisha akanitazama mimi.

"Wa nini huu?"

"Chukua. Ni wako."

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba. Nakupa."

Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, hata nikajisifu moyoni. Jua la asubuhi lilikuwa limejaa karakana, pasi inatoa mvuke, redio ya jirani inapiga kelele zake, na mimi nimevaa shati safi lililonyooshwa. Nani angedhani mzee huyu ameamua kujiua? Maana nilikuwa nimeamua. Nalisema wazi, kuzungusha maneno nimewaachia wanasiasa.

Mimi ni fundi wa suti. Watu waliniita Rula, kwa kuwa nilipiga mstari wa chaki kwa jicho tupu, na ukileta rula kuukagua unaona aibu wewe. Sijisifu. Aa, najisifu, kwa nini nisijisifu? Mabwana harusi wa mji mzima wamepita mikononi mwangu, na wengine wamenirudia niwashonee wanao. Mama Vifungo ndiye aliyemalizia kazi zangu, vifungo na pindo. Tumekaa kwenye meza zinazotazamana tangu sote tuna meno kamili, na mdomo wake ni mkali kuliko sindano zake.

Kisha mke wangu akafariki, na mwaka huohuo ukungu ukaniingia machoni. Nikaanza kukosea. Kuna suruali niliikata mguu mmoja mfupi, na mwenyewe, mtu na adabu zake, akasema, "Si kitu, babu." Babu! Heri angenitukana.

Usingizi ukanikimbia, chakula kikakosa ladha. Mwanangu, anayeishi mji mwingine, alikuwa akipiga simu, namjibu sijambo, sina neno, naye anaridhika. Nikakaa peke yangu na mawazo yangu: macho yanakufa, kazi imekwisha, kesho nitakuwa mzigo kwa mwanangu na mkewe. Cha ajabu, nilijiona nina akili timamu kuliko siku zote. Kila kitu kilikuwa kimenyooka. Leo najua kwamba kilinyooka kwa sababu nilitazama upande mmoja tu, lakini wakati ule, lo, nilijiona hakimu.

Nikapanga mambo yangu kimyakimya mpaka kikabaki kitu kimoja, mkasi. Mkasi wa kukatia suti si wa kuachwa uokotwe na mtu akakatie makaratasi. Roho iliniuma. Nikasema utakwenda kwa Mama Vifungo, anayejua thamani yake. Hapo ndipo kiburi kiliponiponza, na namshukuru Mungu kwa kiburi hicho. Kwetu mafundi mkasi hauazimwi, hata ndugu yako wa damu humpi. Fundi huutoa siku anayoaga kazi, mbele ya wenzake wote, kwa soda na vicheko. Asiyeaga, wanawe huutoa baada ya mazishi. Na mimi nilikuwa sijaaga.

Mama Vifungo aliinuka, akafunga mlango, akavuta kiti hadi magoti yetu yakakaribia kugusana.

"Rula, nakuuliza, na usinizungushe. Unataka kujiua?"

Toba! Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote: unaumwa, unahama, umegombana na nani. Hilo sikuliandalia jibu. Ningeweza kucheka. Ningeweza kukasirika, mzee akikasirika watu hunyamaza, mambo yakaisha.

"Ndiyo," nikasema.

Nimeshona makoti ambayo watu walizikwa nayo kwa sababu hawakutaka kuachana nayo. Lakini katika yote niliyoyafanya duniani, ninajivunia zaidi neno lile moja.

Hakupiga yowe, wala hakunihubiria. Machozi yalimtoka, akayaacha yateremke.

"Leo?"

"Leo au kesho."

"Basi leo na kesho uko na mimi. Na macho hayo, nani ameyapima?"

"Hakuna. Ni uzee."

"Nani kasema ni uzee?"

"Mimi."

"Ebo! Daktari tangu lini? Mteja akikuambia kiuno chake anakijua mwenyewe, unamkatia bila kumpima?"

Hilo lilikuwa swali la kazi, na kwenye kazi mimi sisemi uongo.

"Simkatii."

"Haya, vaa koti twende. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Tukaenda hospitali palepale, amenishika mkono barabara nzima, watu wanatutazama, hajali. Daktari, mama wa makamo, hakunishangaa. Alisema nina sonona, ugonjwa unaowapata wazee wengi, unaomfanya mtu aone njia moja tu na kuapa hakuna nyingine. "Una matibabu, mzee wangu," akasema. Macho nayo yalikuwa na mtoto wa jicho, kitu cha kupasuliwa. Sisemi nilitoka pale nikicheza. Dawa zilichukua muda wake, mazungumzo na daktari yalinichosha kuliko kushona, na hata baada ya kupasuliwa, jicho la kushoto mpaka leo ni la mapambo tu. Ziko asubuhi ninaamka na uzito uleule kifuani. Ila sasa nikiamka nao, nasema.

Siku ile nililazwa, Mama Vifungo akampigia mwanangu simu, na kesho yake akafika. Alisimama mlangoni mwa wodi, mtu mzima ameshaanza mvi, akashindwa kuingia. Mama Vifungo alifungua mdomo kunisemea, nikamzuia. Nilimweleza mwanangu kwa mdomo wangu, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kutazama chini.

"Kwa nini hukuniambia, Baba?"

"Sikutaka kukusumbua."

Akaja akakaa kitandani, akaniwekea kichwa begani, jambo ambalo hakulifanya tangu akiwa mwanafunzi.

"Nisumbue," akasema. "Nisumbue mpaka nikukimbie. Na nikikukimbia, nifuate hukohuko."

Basi, mimi ni mtu wa kazi; nikipewa kazi naifanya. Leo asubuhi nimempigia kumwambia kwamba sikulala vizuri. Mchana nikampigia tena, sina hata la kusema.

"Baba, niko mkutanoni," akanong'ona.

"Najua," nikamwambia.

Nikasikia kiti kikisogezwa, akiwaomba radhi wenzake, kisha mlango ukifungwa nyuma yake. Tukaongea.