Tatu Kati ya Kumi

Tusidanganyane: hakuna mgonjwa mkaidi kama mkunga. Huyu wetu alizalisha wanawake kwa miaka thelathini na minane, na muda wote huo alikuwa na uso mmoja tu wa kazini, mkavu, usiosema kitu hata mtoto akitanguliza miguu. Alipostaafu akahamia ughaibuni na mumewe, Fundi, mtengeneza majokofu aliyestaafu pia, ambaye alisikia kwamba huko nyumba ni nafuu na hewa yake ni rafiki wa viungo. Uso ule nao akaupakia pamoja na masanduku.

Nyonga yake ya kulia ilikuwa imekwisha. Picha zilionyesha mfupa ukisaga mfupa, na daktari wa mifupa alikwishasema dawa ni moja, kuitoa na kuweka ya bandia. Lakini bima ya wastaafu wageni ilikuwa na masharti mawili. La kwanza, daktari aandike kwamba maumivu yamefika saba au zaidi kati ya kumi. La pili, ombi lifike kabla mgonjwa hajatimiza miaka sabini. Baada ya hapo kila mtu na lwake. Mkunga alikuwa amebakiza siku kumi na moja.

Na kila daktari alipomuuliza, kupitia mkalimani wa kwenye simu iliyowekwa mezani, maumivu ni mangapi kati ya kumi, alijibu tatu. Ameulizwa mara tatu katika mwaka mmoja, na mara zote jibu ni hilo hilo. Fundi akadhani mkewe anajikaza kisabuni kama kawaida yake, akawa anamtania kwamba huyu hata akikanyagwa na lori atasema amechomwa na mwiba. Masikini, hakujua kwamba mwenzake anahesabu siku. Mkunga alikuwa akingoja siku zile kumi na moja ziishe, mlango ujifunge wenyewe, asiwepo wa kumlaumu.

Aliogopa kisu, jamani. Aliogopa mno. Wengine huogopa wasichokijua, yeye aliogopa anachokijua. Aliwahi kumsindikiza mzazi mmoja hadi chumba cha upasuaji, mtu mzima na afya yake, anacheka, anauliza mtoto atavalishwa soksi za kijani au za njano. Hakutoka mzima. Toka siku ile neno nusukaputi lilimkausha mate. Na sasa eti alazwe usingizi huo huo katikati ya watu ambao hata akiomba maji hawamwelewi? Thubutu! Zamani aliwasuta mabinti waliochelewa kusema wameshikwa na uchungu, akiwaambia mficha uchi hazai. Mwenyewe alijificha mchana kweupe.

Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku kumi, akaanguka bafuni. Hakuteleza. Nyonga iligoma tu katikati ya hatua, akajikuta chini kando ya sinki, mguu umejikunja vibaya na maumivu yanampanda mpaka kwenye meno. Fundi akaja mbio, povu la kunyolea ndevu shavu moja. Akamshika kwapani, akavuta. Wapi! Akavuta tena, kisha akajishika kifua, akaketi sakafuni ghafla, jasho likimtiririka na midomo imepauka. Moyo wake ulikuwa wa vidonge, na daktari alimkataza kunyanyua hata ndoo ya maji.

Hapo ndipo Mkunga alipoingiwa na hofu ambayo hakuwahi kuifikiria. Alipotulia kidogo, Fundi mwenyewe alipiga namba ya dharura, akataja anwani. Upande wa pili wakauliza kitu. Akarudia anwani. Wakauliza tena, naye akarudia ile ile, sauti ikizidi kupanda na kutetemeka, kwa sababu katika lugha yao ndiyo sentensi pekee aliyoikariri. Simu ikakatika. Wakakaa chini, wawili hao, toka saa mbili mpaka karibu saa sita, Mkunga akihesabu pumzi za mumewe moja moja, akiogopa hata kupepesa macho. Mungu si Athumani, msoma mita ya maji akagonga mlango, naye ndiye aliyeita gari la wagonjwa.

Hospitali walipima moyo wa Fundi wakasema umehimili. Mkunga hakuvunjika popote. Akaletwa daktari yule yule na simu ile ile, na sauti ya mkalimani ikasema, "Mama, daktari anauliza, leo maumivu ni mangapi kati ya kumi?"

Ulimi ulikwishajiandaa kusema tatu. Akamtazama Fundi pale kwenye kiti cha plastiki, povu limemkaukia shavuni na hakuna aliyemwambia.

"Kumi," akasema.

Daktari akafunua faili, akazungumza kwa kirefu. Mkalimani akaeleza kwamba faili zima lina tatu, na bima watataka kujua hii kumi imezuka wapi siku kumi kabla ya umri wa mwisho. Daktari anaomba kujua maumivu yalianza lini kuwa hivyo.

Mkunga alijua kwamba kumjibu daktari ni kumjibu na mumewe.

"Mwaka jana," akasema. "Mwambie nilikuwa nadanganya. Naogopa kupasuliwa. Nilikuwa nangoja siku ziishe."

Mkalimani akasita, akauliza kama atafsiri hivyo hivyo. Akaambiwa hivyo hivyo.

Fundi aliinua uso. Hakugomba, na heri angegomba.

"Siku ziishe, halafu?" akauliza. "Mimi nikunyanyue na nini?"

Daktari aliandika maneno yake yote, uongo na hofu, akamsomea kupitia mkalimani, naye Mkunga akatia sahihi. Kwa siku sita aliamka asubuhi akiomba bima wakatae, na kila alipomwona Fundi akipanda ngazi na mfuko wa mboga, akipumzika kila baada ya vipandio vinne, aliomba wakubali. Siku ya saba wakakubali. Mkalimani alipomtafsiria barua ile kwenye simu, akaenda kutapika.

Siku ya upasuaji Fundi alitembea kando ya machela, ameshika chuma cha pembeni, mpaka kwenye mlango ambao muuguzi alimwonyesha kwa kidole kwamba mwisho wake ni hapo. Uso wa kazini ulikuwa umemkimbia Mkunga tangu alfajiri. Alilia kwa sauti, mbele za watu, meno yakigongana, na mkono wa mumewe hakuuachia.

"Usiende mbali," akamwambia.

"Niende wapi?" Fundi akajibu, na sauti yake nayo haikuwa nzima. "Hata njia ya kutokea siijui."

Muuguzi akaibandua ile mikono miwili taratibu, kidole kwa kidole, akasukuma machela ndani.