Udi wa Pili

"Maji yako ya samaki yana macho, siyo? Yanaijua njia ya kwangu tu!"

Daw Tin Nwe alikuwa ameuegemea ua wa mianzi, kitenge amekikunja hadi magotini, kidole amekipenyeza kwenye ufa kikielekea pua ya jirani yake.

"Maji yanafuata mteremko, dada," alijibu Daw Kyin Hmwe, akiendelea kusugua sufuria la supu kana kwamba anaambiwa habari za mvua. "Mteremko sikuuweka mimi."

"Na ule mdomo wako, nao ulifuata mteremko?"

Sufuria likanyamaza. Mzee U Ba Thaung, aliyekuja kununua tambi akasahau kuondoka, alivuta kigoda karibu zaidi. Wanawake wawili waliokuwa wakipita na vikapu vya sokoni wakakumbuka ghafla kwamba viatu vyao vina mchanga, wakasimama kuukung'uta. Pakokku si mji mdogo, ila mtaa huu ungeenea ndani ya sahani moja, na kila mtu alijua ni mdomo upi unaozungumziwa.

Ulikuwa mdomo wa miaka mitatu nyuma. Thazin, binti pekee wa Daw Tin Nwe, alikuwa ameposwa na kijana wa Magway mwenye duka la vipuri. Asubuhi ya kukamilisha mazungumzo, mama wa kijana akaona apate kwanza kifungua kinywa. Akakaa kwenye benchi la Daw Kyin Hmwe, muuza tambi za supu ya samaki, na kati ya bakuli la kwanza na la pili akaambiwa kwamba bibi harusi hakuzaliwa Ijumaa kama jina lake linavyodai. Alizaliwa kumekwisha kucha, Jumamosi. "Taa niliishika mimi mwenyewe," alisema Daw Kyin Hmwe, akimwongezea supu. Kwetu siku huanza kunapokucha, mtoto hupewa jina kwa herufi ya siku yake, na mtoto wa Jumamosi ana moto. Ukimwoza kwa mwanamume wa Alhamisi, kama yule wa Magway, wapo watakaokuapia kwamba mmoja wao hatazeeka. Mama wa kijana akafuta mdomo, akarudi garini bila hata kubisha hodi kwa jirani. Thazin alikuwa ndani, mashavu yamepakwa poda ya mti, maua kichwani, anangoja. Mwezi haukuisha akaenda Yangon kushona nguo kiwandani. Akipiga simu anauliza hali, anasema kazi nzuri, anakata.

"Sema tu ilikuwa Ijumaa," alisema Daw Tin Nwe, sasa kwa sauti ya chini, na hiyo ilitisha zaidi. "Useme mbele za watu, kama ulivyosema mbele ya lile bakuli. Kulikuwa bado giza. Aliyezaa ni mimi, siyo wewe."

"Mwenye uchungu wa kuzaa ana nafasi ya kutazama dirisha? Nilisema nilichokiona." Daw Kyin Hmwe alijipangusa mikono. "Tena sitaki kuchafua moyo leo. Kesho mwezi mpevu, nakwenda kukaa kwenye taamuli. Udi mzima bila kutikisa kope. Na wewe jaribu, dada, labda huo moto utapungua."

"Hutikisiki kwa kuwa unalala! Hata mtungi hautikisiki!"

U Ba Thaung alicheka mpaka akakohoa. Daw Kyin Hmwe alimaliza kusugua. Aliinua sufuria, akamwaga maji, yakafuata mteremko.

Ukumbi wa taamuli wa mtaa ule hauna saa. Ilikuwapo moja ya ukutani, zawadi ya tajiri fulani, lakini wazee walikuwa wakiikodolea macho kuliko walivyofuata pumzi zao, mtawa mkuu akaigawa kwa shule. Badala yake husimamishwa kijiti cha udi mbele ya sanamu ya Buddha. Kikiwaka mnakaa. Kikizima, mshika udi anagonga kengele, mnanyoosha miguu. Hafumbui mtu macho kabla ya hapo, hahami mtu. Wanawake hupokezana kushika udi, na mwezi mpevu ule zamu ilikuwa ya Daw Tin Nwe.

Wazo lilimjia wakati anajifunga shela ya kahawia begani, likamjia limeshaiva. Magoti ya Daw Kyin Hmwe yalikuwa yameliwa na miaka ya kuchuchumaa mekoni. Udi mmoja ndio ulikuwa mwisho wake. Kengele ikilia, watu wawili humshika makwapa kumwinua, naye huinuka na uso wa mshindi. Sawa. Mmoja anauweza. Na wa pili je? Daw Tin Nwe aliona kabisa jinsi itakavyokuwa: shavu litacheza, jasho litatoka, kisha yule mwanamke mwenye kope zisizotikisika ataanguka ubavu mbele ya mtaa mzima akilia "mama wee." Alitembea kwenda ukumbini kama mtu anayekwenda harusini.

Wakakaa. Mtawa mkuu alisema maneno machache, kwamba pumzi hairudi nyuma wala haitangulii mbele, akaingia chumbani kwake. Feni ikazunguka. Udi ukawaka, ukaliwa polepole, na ulipobaki kama ukucha, Daw Tin Nwe alifumbua macho, akachomoa kijiti kingine kutoka pakiti iliyokuwa jirani, akakiwasha kwa ncha ya kile kinachokufa na kukisimamisha kwenye majivu yaleyale. Hakukuwa na kiberiti wala sauti. Akarudisha mikono mapajani, akasubiri kufurahi.

Furaha ilichelewa. Kwanza, mshika udi naye anakaa kama wengine, na miguu yake ilikuwa ya nyama vilevile. Pili, majivu hayakuanguka. Aliyatazama yakirefuka, yakipinda, yakikataa. Alifumba macho, akaona benchi, bakuli, mama wa kijana akifuta mdomo. Alipofumbua, udi ulikuwa palepale. Akafumba: benchi, bakuli, mdomo. Aliyaona mara ngapi hajui. Kila mara mwanamke yule alimaliza supu, na kila mara bakuli lilijaa upya ili aanze tena. Miaka mitatu ilikuwa imepita Pakokku nzima, watoto wameota meno, madaraja yamepakwa rangi, na kwake yeye ilikuwa bado ni asubuhi ileile, Thazin bado ana maua kichwani. Wengine walianza kuhema. U Ba Thaung, upande wa wanaume, alitoa sauti kama mlango wa zamani. Hakuna aliyethubutu kuhama, maana kila mmoja alidhani udhaifu ni wake peke yake.

Alimtazama adui yake. Shavu lilikuwa likicheza, naam! Jasho lilikuwa likitiririka shingoni. Daw Tin Nwe aliinama mbele kidogo ili asipitwe na kitu. Kisha, mbele ya macho yake, shavu likatulia. Mabega yakashuka. Uso ule mpana wa muuza supu ukalainika, mdomo ukafunguka nusu, chozi moja likatoka bila kulazimishwa. Alikaa hivyo, amekaa tu, kama kitu kilichowekwa mahali pake.

Udi wa pili ulipozima, Daw Tin Nwe aligonga kengele kwa nguvu kuliko inavyotakiwa. Ukumbi mzima uliguna. Watu waliangukia mikono, wakacheka kwa maumivu, wakalaumiana. Daw Kyin Hmwe hakusogea.

"Daw Kyin Hmwe?" jirani yake wa mkekani alimgusa. "Shangazi? Jamani, amekufa!"

Kwa pumzi moja, moja tu, Daw Tin Nwe alifurahi. Ndipo akaanza kutambaa kumwendea.

Daw Kyin Hmwe alifumbua macho. Aliwatazama kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili. "Mbona kengele imelia? Si ndiyo kwanza tumekaa?"

Wakamwita mtawa mkuu. Alichuchumaa kumsikiliza Daw Kyin Hmwe akieleza kwamba hakukuwa na kabla wala baada, na magoti yalikuwapo lakini hayakuwa ya mtu. "Vizuri," alisema mtawa. "Usilifukuzie." Kisha akayatazama majivu kwenye bakuli la udi, akamtazama mshika udi, akarudi chumbani kwake. Daw Tin Nwe angependa zaidi kupigwa.

Miaka ishirini Daw Kyin Hmwe alikuwa akikaa kwa ajili ya jambo lile, utulivu usio na saa, na aliyempa ni Daw Tin Nwe. Kwa mkono wake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata biashara ya tambi ilifungwa. Badala yake kulikuwa na turubai barabarani, meza fupi za duara, spika juu ya nguzo. Daw Kyin Hmwe analisha watawa na mtaa wote kwa shukrani. Daw Tin Nwe alikaa kibarazani kwake akisokota sigara za majani, mgongo ameupa ua. Watawa walipokwisha kula, ilikuja ile sehemu inayomaliza kila sadaka, ya kugonga kengele ya shaba na kugawa thawabu kwa sauti, ili kila asikiaye aitikie "Thadu!", vyema, na kwa kuitikia kwake apate fungu.

"Kwa wazazi wangu," ilisema spika, ikikwaruza.

"Thadu!"

"Kwa majirani wote, wa kulia na wa kushoto."

"Thadu!"

Kengele ililia tena. "Kwa Thazin, popote alipo. Mtoto wa Ijumaa. Kulikuwa bado giza, taa niliishika mimi, na dirisha sikulitazama. Nilisema kwa kuwa mteja alikuwa ananisikiliza vizuri."

Hakuna aliyeitikia. Vijiko vilisimama hewani. Spika ile husikika mpaka mtoni.

Daw Tin Nwe hakukumbuka kuinuka, lakini alikuwa tayari langoni kwa jirani, majani ya sigara yamemganda kwenye kitenge. Neno aliloliomba miaka mitatu limetoka, limetoka mbele za watu, na moto wake ulikuwa umezidi wa jana. Hakulipokonya kwa nguvu zake. Alikuwa amegawiwa, kama wali.

"Msimsifu huyu!" alipaza sauti. "Mnadhani alifika kwa wema wake? Udi ulikuwa wa pili! Niliuwasha mimi! Nilitaka magoti yake yapasuke, nilitaka aanguke alie!"

"Heee, kumbe!" alisema U Ba Thaung, akishika nyonga. "Na mimi nilikukosea nini?"

Watu waliangua kicheko. Daw Kyin Hmwe hakucheka. Alikuja hadi langoni akichechemea, amejishika kwenye nguzo za turubai.

"Najua," alisema. "Wa kwanza ulikuwa sandali. Wa pili ulinukia asumini. Huna hata akili ya kutazama pakiti, dada."

"Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilitaka kupiga kelele. Halafu nikasema, huyu mwanamke hanipati, nitakaa mpaka nife nimkomoe. Nikakuchukia, Tin Nwe, sijawahi kumchukia mtu vile. Nilikuchukia wewe, ua wako, sigara zako, mpaka nikafika mahali nikatafuta cha kuchukia zaidi sikukiona. Kiliisha. Kilipoisha, na muda nao haukuwapo. Nilipotoka huko, kitu cha kwanza kunijia ilikuwa lile dirisha."

"Changu hakijaisha."

"Naona."

"Hakitaisha kwa spika."

"Sikusema kitaisha." Daw Kyin Hmwe alibadilisha mguu wa kusimamia, akakunja uso kwa maumivu. Nyuma yake mtaa mzima ulikuwa umenyoosha shingo, wali unapoa. "Umempigia Thazin simu?"

"Bado. Sitaki asikie sauti hii niliyo nayo."

Daw Tin Nwe alisimama pale, mkono mmoja juu ya lango. Hakuwa ameitikia thadu na alijua kila mtu amehesabu hivyo. Alijua pia kwamba kwa kutoitikia, fungu la Thazin limening'inia hewani, halijapokelewa na mtu. Alilitafuta tusi, moja tu lililo zuri. Yote aliyoyapata alikuwa ameshayatumia.

Daw Kyin Hmwe alimtazama kidogo, kisha akageuka kuelekea meza. "Ba Thaung, sogea huko, umekaa kama umenunua benchi." Akafuta nafasi kwa kiganja, akaweka bakuli tupu, akachota wali. "Ingia, dada. Njoo na hasira yako uje ule."